Mpamba-mwitu wa vipepeo: mbegu zimeoza, miche imeliwa. Nakosea wapi?

Ganda_Kijani

Salaam wakubwa kwa wadogo. Niko Ganda, nje kidogo ya Malindi. Shamba ni robo ekari, udongo wa kichanga, na upande wa kusi (upepo wa kusini) hauna kizuizi. Nataka kona moja iwe ya wadudu: vipepeo, nyuki na chochote kitakachokuja. Nimesoma kwamba yule kipepeo wa rangi ya chungwa tunayemwona kila mahali, viwavi wake wanakula mimea ya utomvu mweupe tu, basi nikaanzia hapo.

Mbegu za kwanza za mpamba-mwitu nilizilaza kwenye friji wiki nne ndani ya karatasi yenye unyevu, kama video zinavyoelekeza. Zikafanya ukungu. Za pili nilizichuma kando ya barabara ya Mambrui nikapanda 40, zikaota 11. Zilipofika urefu wa kiganja viwavi wakazila mpaka kikonyo, kwa siku mbili tu. Muuza miche mjini ananipa mmea wa maua mekundu na manjano, asema ndio huo huo. Jirani mwenye miembe kashanionya nisimletee nzi wa maembe. Na nina mizinga miwili ya nyuki.

Nipande upi, niuoteshe vipi, na nifanyeje majani yawatangulie viwavi?

Kitalu_Msabaha

Friji ndiyo iliyokuponza. Hizo video ni za Marekani na Kanada. Mmea wao, Asclepias syriaca, mbegu zake zina usingizi mpaka zipitiwe na majira ya baridi, ndiyo maana wanazidanganya kwa friji. Mpamba-mwitu wetu, Calotropis procera, hauna usingizi huo. Mbegu iliyokomaa ikipata joto na unyevu inatoka siku ya 5 hadi ya 10. Ubaridi na unyevu pamoja ni kuupikia ukungu chakula.

Kuhusu 11 kati ya 40, mimi nashuku tunda lilichumwa changa. Lile tunda la kijani lililojaa hewa lina mshono ubavuni. Ubonyeze kwa kidole gumba. Ukiachia wenyewe, limekomaa. Ukilazimika kuupasua, liache mtini. Ndani mbegu ziwe kahawia iliyokolea, zimelaliana kama magamba ya samaki. Nyeupe au kijani, usijisumbue nazo. Kisha shika nyuzi zote kwa ncha, kama unavyoshika kishungi, uzikwangue mbegu kwa kidole kabla nyuzi hazijafumuka. Zikishafumuka ni sufi tupu, utakimbizana nazo uani. Zianike kivulini siku 3 au 4 juu ya gazeti, uziweke kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki unarudisha unyevu.

Chombo: pakiti ya maziwa ya nusu lita, matundu manne chini. Vifuu vya nazi achia mchicha. Mpamba-mwitu hupeleka mzizi mkuu chini kabla haujajali majani, na mzizi ukigonga ukajikunja mche unadumaa hata ukiuhamishia peponi. Mchanganyiko ni makopo 2 ya mchanga wa mtoni, 1 la udongo wa juu, 1 la samadi ya mbuzi iliyooza kabisa. Mchanga wa ufukweni usitie, chumvi yake ni kali kwa mche wa siku tatu ingawa mti mzima unaistahimili. Mbegu mbili kila pakiti, kina cha ukucha. Mwagilia asubuhi. Ukimwagilia jioni miche italala na maji, na utaikuta imeanguka, shina limenywea usawa wa udongo kama limebanwa kwa uzi. Hapo hakuna dawa, punguza maji na uitenganishe iliyobaki.

Wiki ya 8 hadi ya 10, mche ukiwa na sentimita 25 hadi 30 na mizizi inachungulia kwenye matundu, upande. Chana pakiti kwa wembe, usiung'oe. Shimo sentimita 40 kila upande, nafasi mita 2 kati ya mti na mti. Mbolea ya dukani usitie kabisa, inaleta majani teketeke na vidukari. Wakati mzuri ni mvua za mwaka zikishatulia, mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei. Vuli inawezekana, lakini jiandae na lita 5 kwa kila mti mara mbili kwa wiki, miezi miwili, kwa sababu kaskazi ikianza mvua imekwenda.

Jambo moja la jina. Watu wengine huita "mpamba-mwitu" ile pamba ya kweli iliyojiotea. Kabla hujachuma mbegu, vunja jani. Wetu unatoa maziwa papo hapo, jani ni nene, la kijivujivu, lina unga kama nta, na limekumbatia shina bila kikonyo cha maana. Maua ni meupe yenye ncha za zambarau.

Huo wa maua mekundu na manjano ni Asclepias curassavica, asili yake Amerika ya joto. Muuzaji hakudanganyi kwamba viwavi wataula. Lakini si wa kwetu, na unajimwaga kwenye mabonde yenye maji. Ganda hapo na mto Sabaki hauko mbali, nisingeupanda.

Mchanga_wa_Shela

Ndugu Ganda, naongeza wa pili ambao watu wa vitalu huusahau kwa sababu hauuziki: mtambaji unaoitwa Pergularia daemia. Unao tayari kwenye ua wa mtu hapo jirani. Majani yana umbo la moyo, laini yenye vinyweleo, yamekaa mawili mawili. Ukiyafikicha yananuka vibaya. Maua ni madogo, meupe ya kijanikijani, yananing'inia, na matunda hutoka mawili mawili kama pembe za mbuzi, yana miiba laini isiyochoma. Usiuchanganye na ule mtambaji wa hotelini wenye majani magumu ya kung'aa na maua makubwa ya zambarau. Ule ni Cryptostegia, kwao Bukini, ukishika mti unaufunika wote.

Faida ya Pergularia ni kwamba viwavi wakiula mpaka chini unachipua tena kutoka kwenye shina la ardhini. Mpamba-mwitu mchanga ukiliwa hivyo hufa. Kwa hiyo kwa mwaka wa kwanza tegemea mtambaji, mpamba-mwitu uache ukue. Panda mbegu pale pale chini ya wavu au ua wa miti, kila mita moja, hauhitaji kitalu.

Upepo wa kusi: mche wa mpamba-mwitu haukatiki kwa upepo, bali unatikisika shingoni na mzizi haushiki. Weka ukuta wa makuti wa mita moja na nusu upande wa kusi, msimu mmoja unatosha. Usiuzibe kabisa, upepo ukipita kidogo ni bora kuliko ukipanda juu na kuangukia mche.

Na maziwa yake yaogope. Machoni hayachomi sana mwanzo, na hapo ndipo watu hupotea. Mtu anafuta, anaendelea na kazi, baada ya saa kadhaa anaona ukungu kwa sababu kioo cha jicho kimevimba. Yakiingia, osha kwa maji safi mengi dakika 15 kamili kwa kutazama saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hakuna maumivu. Ukikata matawi vaa miwani na glavu, na usisimame chini ya tawi.

Pweza77

Mnazunguka mbali. Viwavi na vidukari dawa yake ni moja, mkilifi. Ponda majani, loweka usiku kucha, chuja, pulizia. Ni asili, haudhuru kitu.

Pupa_Gede

Hapana ndugu yangu, hapa ndipo tutakapogombana. Mkilifi, yaani mwarobaini, unafanya kazi kweli, na ndiyo shida yenyewe. Kiwavi aliyekula jani lenye mwarobaini hawezi kujivua ngozi ipasavyo, anafia katikati. Kwenye sukuma wiki hilo ndilo unalolitaka. Kwenye shamba la vipepeo umewapikia sumu wageni uliowaalika mwenyewe.

Ndugu Ganda, kwanza hakikisha walioila miche ni wao. Kiwavi wa yule kipepeo wako wa chungwa, Danaus chrysippus, ana pete nyeusi na nyeupe, madoa ya manjano, na jozi tatu za pembe nyeusi laini: karibu na kichwa, katikati ya mgongo na karibu na mkia. Mayai hutagwa moja moja, mengi chini ya jani, rangi ya maziwa mgando, dogo kuliko punje ya mtama. Kwa joto letu yai huanguliwa siku ya 3 au ya 4, kiwavi hula wiki mbili hivi, pupa (kifuko anamogeukia kipepeo) hukaa siku 7 hadi 10. Sasa shika hili: sehemu kubwa ya majani huliwa siku 4 au 5 za mwisho. Ndiyo maana mche unaonekana mzima Jumatatu na Alhamisi ni kijiti. Mche wa urefu wa kiganja haulishi hata viwavi wawili mpaka mwisho.

Kwa hiyo funika. Lakini funika kwa nini? Usitumie chandarua cha hospitali au kile kilichogawiwa bure. Vile vimetiwa dawa kiwandani, na dawa hiyo haitoki kwa kufua mara mbili tatu. Kiwavi akitambaa juu yake anaanza kujikunjakunja, anaachia jani, anaanguka, na wewe utasema ni ugonjwa. Nenda duka la vitambaa ununue neti ile ya veli za harusi, kwa mita. Izungushe kwenye vijiti vitatu, chini uifukie kwa udongo. Ifungue mti ukifika sentimita 75 na shina liwe nene kama kidole gumba.

Mayai ukiyakuta kabla hujafunika, usiyakwangue. Kata kipande cha jani chenye yai ukibane kwa kijiti kwenye jani la Pergularia. Na kiwavi aliyetulia tuli bila kula kwa siku nzima usimvute, anajivua ngozi na miguu yake imeshikwa na uzi. Kata jani uhame naye.

Miembe ya jirani sasa. Nzi wa maembe anayewatesa watu tangu 2003 ni Bactrocera dorsalis, mgeni kutoka Asia. Kwenye matunda ya mpamba-mwitu yuko nzi mwingine, Dacus longistylus, ambaye anazalia humo. Mwambie jirani asiwachanganye. Vidukari vya manjano vyenye miguu myeusi utakavyoviona kwenye vikonyo navyo hukaa kwenye jamii hii ya utomvu, pamoja na oleanda, havina haja na embe lake. Kwenye mti mkubwa viache, vinalisha wadudu-kibibi. Kwenye mche vifikiche kwa vidole au vipige kwa maji, na uzuie chungu wanaovilinda.

Mimi ningeogopa kinyume chake: miembe kukudhuru wewe. Tazama kama ina viota vya majimoto, wale chungu wakali, yaani yale majani yaliyoshonwa. Majimoto hubeba viwavi wadogo na mayai, asubuhi moja wanasafisha mti mzima. Usiwachome, maana kwenye minazi na mikorosho ndio wanaowala kunguni wanaoharibu matunda. Panda mita 6 au zaidi kutoka kwenye miembe, na hakikisha hakuna tawi wala mtambaji uliounganisha daraja. Miembe ikitoa maua wakati wa kusi, wenye mashamba hupulizia dawa. Basi kona yako iwe upande wa kusini wa miembe, upepo upeleke dawa mbali nawe. Kama haiwezekani, kubaliana na jirani apulizie alfajiri kabla upepo haujaamka.

Kitu kingine, pupa ikining'iniza uzi mweupe kama kamasi, ndani kulikuwa na funza wa nzi anayezalia kwenye viwavi. Iondoe uichome. Moja kati ya kumi si msiba.

Ganda_Kijani

Ahsanteni sana, chandarua cha dawa ndicho hasa nilichokuwa nimekitayarisha! Majimoto wapo, mwembe wa pili kutoka mpakani. Nitahamia kona ya kusini.

Mawili yamebaki. Mizinga yangu itafaidika? Na nikipata miti kumi yenye matunda, si sufi itavamia mashamba ya watu? Watoto wa madrasa pia hupita hapo.

Mzinga_Mambrui

Kwa mizinga, usitarajie asali ya mpamba-mwitu. Chavua yake si vumbi. Imefungwa katika vifuko viwili vya nta vilivyounganishwa kwa kibanio, kama shogi la punda, mfuko wa pande mbili. Mguu wa mdudu unateleza kwenye ufa wa ua, na akivuta anatoka na shogi zima. Kazi hiyo inataka mdudu mwenye nguvu. Nyuki wa asali huja, lakini mara nyingine mguu unanasa na anabaki hapo. Wenye ua hili ni wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa boriti, na hao utawashukuru ukiwa na pasheni, kwa sababu ua la pasheni ni kubwa mno kwa nyuki wa mzinga kulichavusha vizuri.

Wape mahali pa kuzalia: magogo makavu ya msufi au mianzi yenye unene wa kidole gumba, yamelazwa juu ya mawe, yasilowe mvua. Ukitibu mbao zote kwa oili chafu, wataondoka.

Mizinga yako ishibe kwa minazi, ambayo hutoa maua mwaka mzima, na kwa magugu ya ukingoni. Kishona nguo kiache. Futswe (wengine huiita tikini) iache pia, kwa sababu kuna kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, viwavi wake hula hiyo. Jike lake limeiga rangi ya yule wa mpamba-mwitu mpaka utadhani ni yeye, na ndege aliyewahi kutapishwa na mmoja humkwepa wa pili.

Ukiweza panda na marejea, ule mmea wa kurutubisha udongo, mistari miwili. Yakikauka usiyachome. Funga tita ulining'inize kwenye ua, na siku moja utakuta madume ya vipepeo wako yamejaa yananyonya vikonyo vikavu. Wanafuata kemikali ambayo wanaitengenezea harufu ya uchumba. Dume utalijua kwa doa jeusi la ziada kwenye bawa la nyuma.

Kitalu_Msabaha

La sufi: acha matunda mawili au matatu kwa kila mti kwa ajili ya mbegu na kwa wale kunguni wekundu wenye madoa wanaofyonza mbegu. Mengine yakate yakiwa bado magumu, kabla mshono haujalegea, uyafukie. Kwenye ardhi iliyochungwa mpaka ikawa tupu mpamba-mwitu husambaa haraka, kwa sababu mbuzi hawaugusi na kila kingine wamekimaliza. Shamba lenye nyasi haliuvamii hivyo.

Kwa watoto, usipande ukingoni mwa njia. Weka mstari wa ndani, mbele yake mtambaji kwenye wavu, na uwaonyeshe viwavi wewe mwenyewe, kwa macho bila kugusa majani.

Ganda_Kijani

Na kukata matawi? Mti mkubwa barabarani una majani makavu, magumu, sijaona yai hata moja.

Pupa_Gede

Kwa sababu jike anatafuta majani machanga. Kiwavi mdogo kwenye jani zee lililojaa maziwa huzama kwenye tone la kwanza analolitoboa. Kata mti kwa urefu wa sentimita 60, lakini si yote pamoja. Kama una kumi, kata mitatu leo, mitatu baada ya wiki nne, minne baada ya hapo. Kabla ya kukata geuza majani utafute mayai, na matawi yenye viwavi yaegemeze kwenye mti usiokatwa, watahama wenyewe usiku mmoja. Ukikata yote siku moja, kipepeo atakuja wiki hiyo akute vijiti, apite zake mpaka Mambrui.

Mbegu usizifuate ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke bila ruhusa ya Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS). Barabarani zipo za kutosha, na ukiwakuta wafugaji wa pupa hapa Gede kwenye mradi wa Kipepeo waulize pia kuhusu Pergularia, wengi wanaujua kwa sura hata kama hawaujui kwa jina hilo.

Mchanga_wa_Shela

Na panga la kukatia lioshe kwa sabuni kabla hujalitumia kwa kitu kingine. Maziwa yakikaukia kwenye mpini, mtu wa pili hajui ameshika nini, na mkono unakwenda machoni.